Kipande cha Mkate kwenye Kranki

Siku ya tatu nikiwa chini ya gari la dada yangu, nilianza kuiona ile beringi hata nikifumba macho. Ni kitu kidogo cha kuenea kiganjani mwa mtoto, kimekaa ndani ya tundu mwishoni mwa kranki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, pale injini inapokutana na giaboksi. Giaboksi ya zamani, ya gia za mkono, nilishaishusha. Ya otomatiki ilikuwa imelala pembeni juu ya gunia, imepanguswa, inasubiri. Haikuweza kuingia mpaka beringi itoke, na beringi ilikataa katakata.

Nje kulikuwa na mvua ya rasharasha isiyo na haraka na mtu. Ilipiga bati la gereji kwa sauti moja tangu asubuhi, nami nimelala chali juu ya boksi lililokunjuliwa, sijui tena kama ni saa nane au saa kumi. Nikasinzia, nyundo kifuani. Nikamwona dada akikanyaga klachi, akipangua gia, akipiga honi kwenye kona ya shule, mikate ikirukaruka nyuma. Nilipofumbua macho, mguu ule ule wa kushoto ulikuwa mbele ya pua yangu, ndani ya kandambili, umetulia tuli.

"Wewe unatengeneza gari au unalilalia?"

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nijibu."

Tangu apate kiharusi, miezi minane sasa, mguu huo haumsikii. Wa kulia ni mzima na mikono ni mizima, mikate anaoka mwenyewe. Lakini kuipeleka madukani anakaa kiti cha abiria, na shemeji ndiye anayeshika usukani. Shemeji ni mtu mwema, ila gia ya nne ameisikia kwa watu tu. "Nataka kujiendesha," dada aliniambia. "Sitaki kingine." Nikamwahidi Jumamosi. Na sasa ilikuwa Ijumaa.

Nilimweleza yaliyonikuta. Nilivuta kwa ndoano, ndoano ikanyooka. Nilijaza grisi nyuma ya beringi nikagonga kwa fimbo ya chuma, ili grisi iisukume nje, ikanirukia usoni. Kuichimbua kwa tindo niliogopa, maana tundu likiharibika, otomatiki haitakaa sawa, na yeye ni abiria maisha.

"Nani aliitia humo?"

"Mimi."

"Kumbe! Basi nisogezee boksi."

Nilimshika, akashuka taratibu, akajilaza kando yangu. Tukawa wawili chini ya gari, mabega yakigusana, kama tulivyokuwa tukijificha chini ya kitanda cha mama. Akapenyeza kidole kwenye tundu. Kidole cha mwokaji hakidanganywi.

"Kuna mabonde matatu hapa ukingoni. Ya nini?"

Miaka kumi na mmoja nyuma, nilipomfungia klachi mpya, nilikuwa kijana wa sifa nyingi. Beringi ikishaingia inatosha, lakini mimi nilikuwa na mtindo wangu: nagonga ukingo kwa tindo mahali patatu, chuma kivimbe kwa ndani kiibane, isitoke milele. Kwenye gari la dada niligonga kwa nguvu zaidi, kwa sababu ni dada. Halafu nikasahau kabisa. Siku tatu nzima nilikuwa napigana na mkono wangu mwenyewe, na hasira zilinipanda mpaka masikio yakapata moto.

"Cheka basi," nilimwambia.

"Nacheka," alisema, na kweli alikuwa anacheka, tumbo linatikisika.

Nikachukua tupa ndogo, nikasugua vile vibonge vya chuma mpaka vikaisha. Dada akavuta mfuko wake, akatoa mkate wa jana. "Grisi yako nyepesi, inapata njia ya kukimbia. Huu ukilowa unashikamana." Mafundi wa zamani walikuwa wakiusema ujanja huo, nikawaona waongo. Aliukanda kwa maji, akaushindilia mwenyewe kwa kidole, nami nikaweka fimbo na kugonga. Tukaongeza mkate, nikagonga. Mara ya nne beringi ikateleza nje polepole, pamoja na ulimi wa mkate wa kijivu, ikaanguka katikati yetu. Tulibaki pale tukisikiliza mvua.

Jumamosi mchana otomatiki ilikuwa imeingia. Dada alikaa kwenye usukani, akatazama chini.

"Hii klachi mbona bado ipo?"

Waya wake nilishautoa. Pedali yenyewe niliiacha kusudi.

"Nimeiacha tu. Mguu ukija kupona, nitakurudishia giaboksi yako."

Akaugusa mguu wake wa kushoto.

"Mguu haurudi, mdogo wangu. Mimi nimeshauaga. Wewe je?"

Machozi yalinitoka nikiwa nimepiga magoti mlangoni mwa gari, mtu mzima na ovaroli langu. Akanifuta kwa upande wa khanga yake. Kisha nikaingiza spana, nikafungua boliti ya mwisho, pedali ikanibaki mkononi. Mpira wake ulikuwa umelika upande mmoja, pale alipozoea kukanyaga.

Gari liliondoka taratibu, yeye peke yake ndani. Nilisimama mlangoni na ile pedali mpaka niliposikia honi kwenye kona ya shule.