Kalunde Achagua GPS

Jana mchana kweupe, Kalunde binti Kasele aliota ndoto akiwa ameketi kwenye benchi la duka la vifaa pale Kaliua mjini, na bado hajaamua kama alaumu joto au amlaumu mumewe.

Mumewe ni Mihayo, Baba Limi, mtu wa bunduki na nyavu. Kila msimu unapofunguliwa huchukua kibali chake na kuingia bonde la mto Ugalla, awinde kanga na kuvua kambale kwa safari moja. Mwaka jana alipotea huko. Warina asali walimkuta kwenye matete, midomo imepasuka, anazungumza na mtumbwi wake. Alipofika nyumbani alisema hakupotea, alikuwa anazunguka tu. Mwaka huu Kalunde aliapa kwamba hatoki mtu bila kidude cha GPS cha kumwonyesha njia.

Muuzaji, bwana mmoja mnene aitwaye Hilali, alimpangia maboksi matatu mezani, yote yamefungwa kwa utepe wa gundi, akaanza kueleza. Alieleza mpaka kichwa kikamuuma Kalunde.

"Hiki cha njano hakiingii maji, mama. Hiki cheusi kinashika setilaiti haraka sana. Na hiki cha kijivu kinakosea mita tatu tu."

"Mimi nimeuliza, kitamrudisha mume wangu nyumbani?"

"Inategemea na matumizi, mama."

Hilali akaenda stoo kutafuta betri. Kalunde akaegemeza kichwa ukutani, akafumba macho kidogo.

Boksi la njano likakohoa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na wewe una maneno?"

"Mimi siingii maji."

"Nimeshasikia."

"Hujasikia. Mimi na maji hatuingiani."

Hapo mto Ugalla unaingia dukani kupitia mlangoni. Unakiona kidude cha njano, unasita, unageuka na kurudi ulikotoka. Kambale wanabaki sakafuni wakitazamana. Mmoja wao anamuuliza Kalunde kama hapa ndipo zahanati.

"Rudisha mto," Kalunde anasema.

"Haiwezekani. Nimepimwa, nina cheti."

Kalunde anasogea kwenye kile cheusi. Kabla hajafungua mdomo kinamwambia kwamba hakifanyi kazi bila kuiona mbingu. Mabati ya duka yanajing'oa moja moja, yanajipanga pembeni kwa adabu. Setilaiti tatu zinashuka, zinapangusa vumbi, zinaketi kwenye benchi kama wakwe waliokuja kuposa, na moja inaulizia chai.

"Huyu mama yuko wapi?" inaanza ya kwanza.

"Niko mbele yenu," anasema Kalunde.

"Usijisemee," inamkanya ya pili. "Hapa tunasubiri mwenzetu wa nne. Bila yeye hatuwezi kusema uko juu kiasi gani."

"Nimeketi kwenye benchi!"

"Hayo ni maelezo yako."

"Na huyo wa nne yuko wapi?"

Zinatazamana. Hazijui.

Kalunde anakinyakua kile cha kijivu, anakitia kwapani na kutoka. Nje hakuna barabara wala soko. Ni matete matupu, marefu kumpita, na tope limemfika kwenye muundi. Mbele yake yuko Mihayo, bunduki begani, anatembea kwa raha zake kama mtu aliyetumwa sigara.

"Baba Limi, ningoje."

"Nimesimama, Mama Limi. Wewe ndiye huji."

Anapiga hatua, Mihayo yuko mbele yake mita tatu. Anakimbia, mita tatu. Anajaribu kumshitukiza kwa kupitia kando, anatokea kando, mita tatu. Anaona hata uzi uliochomoka kwenye kola ya shati lake, ule aliokusudia kuukata tangu juzi, na mkono haufiki.

"Wewe," anakiambia kidude, "nifikishe pale."

"Nimekufikisha. Uhakika wangu unaishia hapa. Wateja wengi wanaridhika."

"Wateja wengi hawamfuati mume wao!"

Kidude kinaonyesha mshale uleule.

Wanafika penye kichuguu kikubwa chenye tundu ubavuni. Hapo maji yanaachana. Mkondo wa kulia unarudi nyumbani. Wa kushoto unaingia ndani ya matete, na huko ndani kumetulia, hata ndege hawalii. Mihayo anapandisha suruali, anaelekea kushoto bila kuuliza mtu.

"Mwambie!" Kalunde anakitikisa kidude. "Mwambie huko siko!"

"Mimi siambii watu, mama. Naelekeza nikiulizwa. Yeye hajaniuliza."

"Hataki kuuliza! Hajawahi kuuliza! Tangu nimeolewa hajauliza njia hata siku moja!"

"Basi hilo halimo katika maelezo yangu ya matumizi."

Hasira zilimpanda Kalunde hadi machozi. Kisha akaona kisigino cha mumewe, kile chenye ufa ambao yeye mwenyewe huupaka mafuta, kikizama katika yale maji ya kushoto, na hasira zote zikamtoka, ikabaki hofu peke yake. Tangu Limi azaliwe hajawahi kumwita mumewe kwa jina. Aliliita.

"Mihayo! Simama hapo!"

Mihayo akasimama. Akageuka taratibu, akamtazama kama mtu aliyeamshwa.

"Imehifadhiwa," kilisema kidude cha kijivu.

"Mama. Mama, betri hizi hapa."

Alikuwa Hilali. Mabati yalikuwa juu, maboksi mezani, sakafu kavu. Kalunde alifuta uso kwa upande wa kanga, akaashiria boksi la kijivu. Hilali akaukata utepe mbele yake, akatia betri, akawasha. Akakunja uso.

"Hii ajabu. Kitu kipya kabisa, lakini kuna mahali pamehifadhiwa."

"Pameandikwaje?"

"SIMAMA HAPO." Akakigeuza geuza. "Ni huko mtoni. Samahani sana, mama, ngoja nipafute ili kianze safi."

"Ukipagusa," alisema Kalunde, "leo tutagombana mimi na wewe."

Jioni alimkabidhi mumewe. Mihayo alicheka, akasema yeye ana kichwa chake, akakiwasha ili amridhishe tu. Alipopaona pale mahali, akaacha kucheka.

"Mama Limi, nani alikwambia kuhusu kichuguu?"

"Kichuguu kipi?"

"Kile chenye tundu, pale nilipoanzia kuzunguka mwaka jana. Sijawahi kumsimulia mtu."

Kalunde akaendelea kupepeta mchele. Mihayo hakuuliza tena. Alitafuta kamba, akakifunga kidude, akakivaa shingoni, na usiku kucha kila alipojigeuza kitandani kilimgonga Kalunde begani. Hakumwambia akivue. Leo alfajiri ameondoka nacho.