Mwaliko wa Fidèle

Landry alizima pikipiki yake, moto kama wanavyoiita Goma, mbele ya ukuta wa mawe ya volkano, akavua kofia ngumu, akabisha hodi. Muzee Sikuli alikuwa uani akipiga randa ubao wa kitanda. Alimfahamu mgeni huyo vizuri. Ndiye aliyewaletea vitu ambavyo mkewe Émérance aliviagiza kwa simu kila alipotazama Soko la Nyumbani, kile kipindi cha télé kinachouza sabuni, mafuta ya ngozi, masufuria na mapazia kutwa nzima. Lakini leo Landry hakuwa na katoni. Alishika bahasha ndogo ya rangi ya waridi, nayo ilinukia marashi.

"Jambo, Muzee. Mama Émérance iko?"

"Iko ku kanisa, ku korali. Umemuletea tena pasi ya kufa?"

Landry alicheka. Pasi ile ilikuwa imekufa siku ya pili, na mzee hakuwahi kuisamehe, wala télé iliyoiuza.

"Hapana, Muzee, leo ni furaha. Ni invitation yake. Invitation ya Fidèle. Umwambie asikose, samedi, hii Jumamosi, saa nane, ku hôtel kule chini ku ziwa. Na avae muzuri, watapiga mafoto!"

Moto ikaondoka na vumbi lake jeusi. Sikuli akabaki na bahasha mkononi.

Fidèle.

Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jina tu, maana Goma ina akina Fidèle wengi. Kwa Sikuli alikuwepo mmoja tu duniani: mtoto wa tajiri wa kahawa kule Butembo, aliyefika kwa baba yake Émérance na mbuzi wote wa mahari kwa siku moja, wanene wote, wakati Sikuli, seremala kijana, alikuwa bado anahangaika kumpata mbuzi wa nne. Émérance alimkataa yule wa mbuzi wanene. Hakueleza kwa nini, na Sikuli hakuuliza, kwa kuogopa kwamba akiulizwa ataanza kufikiri upya. Tangu hapo wamezaa, wamezika, wamejenga tena baada ya lava kuimeza nyumba yao ya kwanza. Na sasa, tokea Pasaka, watu walikuwa wakisema kwamba Fidèle amefiwa na mkewe, amehamia Goma, na anakaa mtaa wa Himbi katika nyumba ya ghorofa.

Aliigeuza bahasha. Iliandikwa kwa wino wa dhahabu: Madame Émérance. Na chini yake, kwa herufi kubwa: FIDÈLE.

Hakuifungua. Alikuwa mtu wa heshima zake, na barua ya mtu ni ya mtu, hata kama huyo mtu mnalala kitanda kimoja. Aliiweka mezani, akairudia randa yake, akauharibu ubao.

Émérance aliporudi aliifungua akiwa bado amesimama. Alisoma polepole, midomo ikisogea, kisha akatabasamu kwa namna ambayo Sikuli hakuwa ameiona tangu harusi ya binti yao Charline. Halafu akaificha bahasha ndani ya mkoba.

"Ni nini?" Sikuli aliuliza, macho yake ubaoni.

"Mambo ya wamama. Nikikuambia sasa utanicheka."

Akaanza kumenya viazi. Baada ya kitambo akasema, kwa sauti ya mtu anayepita njia ya pembeni, "Papa Élisée," maana alimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "samedi uko na kazi?"

"Niko nayo. Kazi mingi. Siku muzima."

"Ah," alisema Émérance. "Basi."

Sikuli aliisikia ile "basi" ikimwingia kifuani. Anahakikisha sitakuwepo, alijisemea.

Juma lile lilikuwa refu. Émérance alitoa kutoka kwenye sanduku liputa lake la kijani, kile kitenge cha sikukuu, akalitundika uani lipate hewa. Alijipaka mafuta ya télé miguuni na magotini, akiimba nyimbo za korali. Mara mbili alimtazama mumewe kama mwenye neno, na mara zote mbili alikuta mgongo. Sikuli alimpiga jicho la pembeni akaona jambo lililomtisha kuliko bahasha yenyewe: mkewe alikuwa bado mzuri. Tangu lini hakuwa amelitazama jambo hilo?

Ijumaa akaenda kwa jirani yake Ndagijimana, kinyozi.

"Ninyoe ndevu. Vizuri."

"Eh, Muzee! Siku ya vendredi? Unaoa?"

"Naenda kukutana na mutu. Fidèle."

"Fidèle gani? Ule wa Butembo?" Ndagijimana, aliyeijua hadithi ya mbuzi kwa sababu mtaa mzima uliijua, akashusha wembe. "Muzee, nywele zako zimeisha, meno yako yanaisha, lakini wivu yako ingali na meno yote!"

"Nyoa," alisema Sikuli.

Jumamosi Émérance alisimama mlangoni katika liputa la kijani. "Papa Élisée, nilikuwa nataka nikuulize kitu, lakini na hii sura yako..." Alingoja. Sikuli alikuwa akitafuta msumari ambao haukupotea. Émérance akaondoka.

Alipokwisha kupinda kona, Sikuli alivaa suti yake ya kahawia na kofia, akaita moto, akamwambia dereva ateremke hadi ziwani. Njiani alipanga maneno. Angemwambia Fidèle: ulishindwa zamani ukiwa na mbuzi wako, utashindwa leo na hôtel yako. Aliyarudia mpaka yakamkauka mdomoni, kwa sababu chini ya maneno hayo lilikuwepo lingine alilolijua peke yake: kama Émérance angetaka kwenda, hakuwa na la kumzuilia.

Kwenye mlango wa ukumbi alisimama mwanamke kijana, kipaza sauti mkononi, jina lake limebandikwa kifuani: Athanasie.

"Karibu, Papa. Unatafuta nani?"

"Fidèle."

"Fidèle gani? Humu ndani wote ni fidèles."

Sikuli alichungulia. Walikuwa wanawake tu, wameketi mbele ya vioo, mataulo shingoni.

"Wote? Hata ule mama munene?"

"Ule ni fidèle kabisa!" Athanasie alicheka. "Papa, mutu akinunua kwetu Soko la Nyumbani mara ya kwanza, tunamuita amie, rafiki. Akiendelea bila kutuacha, anakuwa fidèle, mwaminifu. Sasa fidèles tunawaita hapa, tunawapamba, tunawapiga mafoto, tunawaambia aksanti. Ni invitation ya fidèle. Haukuona ku bahasha?"

Aliiona. Aliiona wiki nzima.

Hapo akamwona Émérance karibu na dirisha, amefumba macho, binti mmoja akimpaka rangi juu ya kope. Kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu, na juu yake uliwekwa mkoba wake.

"Kila fidèle anaweza kuja na mutu mumoja," Athanasie aliendelea, akifuata macho yake. "Mama ule amekatalia watu kile kiti. Tumemwambia, mama, si umesema bwana yako iko na kazi? Anajibu, anaweza kumaliza mapema."

Ile hasira aliyoibeba tangu Jumatatu ilikosa pa kukaa. Sikuli alivua kofia, akaivaa, akaivua tena.

"Na wewe Papa unaitwa nani? Tunakaribishaka watu ku micro."

Alikitazama tena kile kiti kitupu.

"Fidèle," alisema.

"Tumukaribishe Papa Fidèle!" Athanasie alitangaza, na ukumbi ukapiga makofi.

Émérance alifumbua macho. Jicho moja lilikuwa limeshapambwa, jingine bado. Alimtazama mzee wa suti ya kahawia akija kati ya vioo, akatazama kidevu kilichonyolewa, akaelewa yote, na kicheko kikamtoka hata binti wa rangi akarudi nyuma.

"Papa Élisée! Umekuwa Fidèle tangu lini?"

"Tangu mbuzi ya nne," alisema Sikuli.

"Ulifikiri ni ule wa Himbi."

"Nilifikiri."

"Ule!" Émérance alijipangusa chozi kwa ncha ya taulo. "Siku ile alinitembeza ku mbuzi zake, moja moja, ananionyesha miguu, ananionyesha meno. Mimi mwenyewe hakuniangalia hata mara moja."

"Mama, tafadhali usicheke," aliomba binti, brashi hewani. "Jicho la pili halipakiki."

Sikuli aliutoa mkoba, akauweka magotini, akakaa kwenye kiti alichowekewa. Hakuwa na kazi siku hiyo. Akamwangalia.