Siku Mpoyi Alipopona

Mpoyi aliacha sigareti kwa sababu ya Onema, na Onema mwenyewe alikuwa ameshazikwa. Alikuwa mfanyabiashara wa mchele kutoka Kibombo, mtu wa kicheko kikubwa, na kila treni ilipofika walikuwa wakivuta pamoja kando ya reli, mpaka kifua cha Onema kikaanza kutoa damu. Baada ya matanga yake, Mpoyi alisikia kikohozi chake mwenyewe asubuhi moja, akaogopa. Mashinisti mzima, anayeendesha treni kutoka Kindu mpaka Kongolo, aliacha kunawa, akachungulia mate yake ndani ya karai kama yana damu.

Akaenda kwa masœur Pélagie, mtawa muuguzi aliyekuwa na zahanati ndogo ng'ambo ya Lualaba. Masœur alimsikiliza kifua, akampa kichupa cha vidonge vyeupe.

"Hivi vitapunguza hamu," alimwambia. "Lakini wewe na tumbaku mumekaa pamoja miaka mingi. Ikitoka, roho inageuka. Utakasirika bure, utalia bure, na vidonge vyenyewe vinaweza kuongeza. Waambie watu ya nyumbani mbele ya kuanza. Ikizidi, rudi kwangu mbio."

Je, aliwaambia? Thubutu! Kule depo ya treni wenzake walipoona hashiki tena sigareti, wakamuuliza amefanyaje, naye akavimba kichwa. "Dawa? Mimi? Nimeacha kwa nguvu yangu mwenyewe. Muntu akiwa mwanaume, anasema basi, njo basi." Kaka yake mkubwa, Kankolongo, karani wa ofisi ya serikali, akalipenda lile neno, akalitembeza kwa Wakasai wenzao wote wa Kindu kila Jumapili baada ya misa. Mdogo wangu ameacha bila dawa! Sasa mtu ataonyeshaje kichupa tena? Mpoyi alikificha katika sanduku la vyombo vya kazi, ndani ya treni, na hata mke wake Kabedi hakukiona.

Siku za kwanza zilikwenda vizuri. Halafu ikaanza.

Ilianza na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Kabedi aliweka chakula mezani kama siku zote, na Mpoyi akahisi hasira inampanda kutoka tumboni, hasira isiyo na mwenyewe, akasukuma sahani ikaanguka. Kabedi aliokota vipande. Mpoyi akatoka nje, akakaa nyuma ya jiko, akalia bure, kama masœur alivyosema. Kesho yake alimkaripia binti yao, Mwadi, kwa kuimba tu. Mtoto alikuwa bado anakosea kuhesabu vidole vyake, na alimpenda baba yake kupita kiasi. Tangu siku ile akawa anaingia chumbani kwa kunyata.

"Baba Mwadi, uko na nini?" Kabedi alimuuliza. "Nimekukosea nini? Niambie."

"Niache."

"Kuna muntu amekuambia kitu juu yangu?"

"Nimesema niache!"

Maskini Kabedi. Angemwambia tu! Maneno mawili yangetosha. Lakini jua moyo wa Mpoyi ulivyokuwa. Asubuhi aliamka kama mtu aliyelaliwa na gunia la chumvi. Njiani kwenda Kibombo alitazama msitu unapita akajiona hana faida, baba mbaya, mume mbaya, na lingekuwa jambo jema kama asingezaliwa. Kurudi kwa masœur aliona aibu. Kusema aliona uzito. Na kila hali ilivyozidi alimeza kidonge kingine, akidhani ndicho kitakachomwokoa.

Sasa, Waluba wa Kasai, hata wakikaa Kindu mpaka wazeeke, wana jambo lao wanaloliogopa kuliko simba: tshibindi. Mke akiwa na mwanaume mwingine akaficha, kile alichoficha hakilali. Kinaua watoto, au kinamharibu mume akili. Dawa ni moja, mke aseme mbele ya wakubwa. Akisema, mume anapona. Na mashinisti, kama munavyojua, analala nje ya nyumba nusu ya maisha yake, kwa hiyo watu hawakufikiri sana. Mke wa Kankolongo, Françoise, ambaye serikali, iliyokataza majina ya Kizungu, ilishamnyang'anya jina hilo lakini nyumbani alibaki nalo, ndiye aliyelitamka kwanza. Mume mpole kama Mpoyi, ghafula anavunja sahani? Tshibindi hiyo!

Jumapili mchana wakamwita Kabedi nyumbani kwa Kankolongo. Kankolongo alikaa kwenye kiti chake, beji ya chama kifuani, wazee wawili wa Kikasai pembeni. Mpoyi naye aliitwa. Alikaa karibu na mlango, kichwa kizito, na moyoni alisema: waache waulize, mke wangu hana kosa, atasema hapana na yatakwisha. Ndivyo alivyojidanganya. Na ukitaka kujua ukweli wote, sehemu yake moja haikujali hata kidogo. Ndivyo roho yake ilivyokuwa imekufa.

"Mama Mwadi," Kankolongo alisema, "hatukuchukii. Unaona mume wako anapotea. Kama kuna kitu, sema, muntu apone."

Kabedi alisema hapana. Wakauliza tena. Akasema hapana, akaapa kwa mtoto wake. Hapo, uani, Mwadi akaangusha kikombe, na Mpoyi akaruka, akapiga ngumi mlangoni, akapiga kelele ambayo yeye mwenyewe hakuitambua. Mtoto akajikojolea kwa hofu.

Kabedi alimtazama mtoto. Akamtazama mume wake, muda mrefu. Kisha akapiga magoti.

"Ni kweli," alisema. "Nilikuwa na mwanaume."

"Nani?"

"Onema. Yule wa muchele."

Kumtaja maiti! Hakuna wa kumwendea Onema kumuuliza, hakuna wa kupigwa wala kutozwa mbuzi. Wazee wakashusha pumzi. Françoise akaanza kulia. Mpoyi alitoka bila kofia, akaenda moja kwa moja mpaka depo, akachukua kile kichupa katika sanduku, akakitupa Lualaba. Alitaka kujitupa na yeye. Msaidizi wake, Okito, alimkuta ameketi ukingoni anatetemeka mwili mzima, hakujua la kufanya, akamwashia sigareti akamwekea mdomoni.

Mpoyi akavuta. Ee Mungu wangu! Mikono ikaacha kutetemeka. Hasira ikashuka, gunia likatoka kifuani. Alivuta mpaka ikamuunguza vidole, na kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi aliweza kufikiri sawasawa. Akafikiri: Kabedi amesema uongo. Akakimbia kurudi.

Aliingia kwa sauti ya upole. Akamwinua Mwadi, akambusu, akaomba maji ya kunywa. Wote walikuwa wanamtazama.

"Mumeona?" alisema Kankolongo, machozi yakimtoka. "Amesema, na muntu amepona. Leo leo!"

"Yaya, kaka yangu, sikiliza. Hana kosa. Ilikuwa dawa. Masœur alinipa vidonge vya kuacha sigareti, vile njo viliniharibu roho."

"Viko wapi?"

"Nimevitupa mutoni."

Kankolongo alimwekea mkono begani. "Mdogo wangu, wewe mwenyewe ulituambia uliacha bila dawa. Kindu nzima inajua. Usiseme uongo kwa sababu unampenda. Unampenda, tunaona. Lakini kidonge gani kinamfanya muntu amchukie mutoto wake?"

"Muulizeni masœur!"

"Masœur anajua nini juu ya tshibindi?"

Kadiri alivyobisha kwa utulivu, ndivyo walivyozidi kuamini. Utulivu wake ndio uliokuwa ushahidi. Wakaamua Kabedi arudishwe kwao Mwene-Ditu, wazazi wake wamsafishe huko kwa desturi, kisha wakubwa wa pande mbili wataona. Mtoto atabaki kwa Françoise. Na treni pekee ya wiki ile, ya kesho yake asubuhi, ilikuwa ya Mpoyi.

Asubuhi ya safari Mpoyi alimwendea mkewe kwenye jukwaa la stesheni. Kabedi alikuwa amekalia furushi lake, amefunga kitambaa vizuri kama mtu anayekwenda harusini.

"Umepona?" alimuuliza.

"Kabedi, kwa nini ulisema vile?"

"Walisema nikisema utapona. Sikuwa na kitu cha kusema, basi nikatafuta. Lakini umepona, eh? Hautampigia mutoto kelele tena?"

Hapo Mpoyi akamweleza yote, kichupa, masœur, majivuno yake ya depo. Alieleza akiwa amemwinamia, karibu sana, ili watu wasisikie. Kabedi alisikiliza. Halafu pua yake ikacheza kidogo.

"Na hii harufu?"

Mpoyi akarudi nyuma hatua moja.

"Jana, ulipotoka kwa yaya. Ulivuta?"

"Moja tu."

Kabedi alitikisa kichwa polepole. Hakulia. "Kumbe ni sigareti tu, Baba Mwadi," alisema. "Ungeniambia. Ningeenda sokoni kukununulia mimi mwenyewe."

Mkuu wa stesheni akapiga filimbi. Treni za Kindu miaka ile zilichelewa kutwa nzima, mara nyingine juma zima. Ile iliondoka kwa saa yake. Mpoyi alipanda, akavuta wenzo wa injini kwa mkono wake mwenyewe, na mabehewa yakaanza kusogea.

Okito alimpa sigareti, akaipokea. Akavuta, na roho ikatulia kabisa, mikono ikawa imara. Hilo ndilo lililomuua moyoni. Alitamani ile hasira irudi, au yale machozi, hata ule uzito wa asubuhi, lakini hakukuwa na kitu.

Kabla ya Kibombo njia inapinda, na mashinisti akigeuka anayaona mabehewa yake yote. Mpoyi aligeuka. Kabedi alikuwa dirishani. Hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa ametoa kichwa nje, anatazama nyuma, Kindu alikobaki mtoto.