Penalti ya Cate

Cate hajawahi kunifunga penalti. Hilo nataka ulijue kwanza kabla hujaanza kumhurumia, maana watu wote wamemhurumia na mimi nimechoka. Pale chuoni kwetu Migori, kila Ijumaa baada ya mazoezi tulikuwa tunapigiana penalti, na anayekosa anabeba mipira hadi stoo. Cate alibeba mipira mwaka mzima. Anapiga mpira kama mtu anayesukuma mlango usiofungwa, halafu anainama kuangalia kiatu kana kwamba ndicho kilichokosea. Mimi ndiye golikipa na mimi ndiye nahodha. Yeye ni wa benchi. Lakini tulikuwa marafiki wa sahani moja, hata shuka tulikuwa tunaazimana, mpaka watu wa televisheni walipokuja.

Mwongozaji wao aliitwa Dahir, mtu mrefu, mpole wa maneno, mwenye kofia ambayo hakuivua hata akila. Alisema wanatengeneza tamthilia kuhusu maisha ya chuo: wasichana wa timu ya mpira, mapenzi yao, mitihani, walimu wakali, na mwishowe fainali. Akasema anataka wasichana wanaocheza kweli, si waigizaji wa Nairobi wanaokimbia utadhani wanaogopa kuchafua viatu. Nilimpenda mtu huyo papo hapo. Nilijua ananizungumzia mimi.

Tukapanga foleni uwanjani. Kila mmoja aliambiwa asimame mbele ya kamera, ataje jina lake, aeleze mara ya mwisho aliyolia. Nilipofikiwa nikasema naitwa Phelesia, natoka Rusinga, na mimi silii ovyo. Dahir akacheka, akasema asante, anayefuata. Akaja Cate. Akataja jina, na kabla hajasema neno lingine machozi yalishateremka yenyewe. Eti amekumbuka mbuzi wao aliyekufa kwao Lambwe. Mbuzi. Niligeuka nicheke na wenzangu, nikakuta nusu yao wanapangusa macho.

Basi Cate akapewa kuwa Rita, nyota wa timu, mshambuliaji asiyezuilika. Sijui kama umenielewa. Asiyezuilika. Roho iliniuma mpaka nikaacha ugali mezani, na ulikuwa ugali kwa omena aliyonitumia mama.

Mimi, Dahir aliniita kando. "Phele, dada yangu, wewe utakuwa golikipa wa wapinzani kwenye fainali," akasema. "Ni kazi kubwa. Bila wewe, Rita hana wa kumfunga." Alisema hivyo kama mtu anayenipa zawadi. Nikakabidhiwa jezi nyekundu badala ya ile ya buluu ya timu yetu. Kwenye skripti, dakika ya mwisho Rita anapiga penalti, mimi naruka upande usiofaa, mpira unaingia, watu wanambeba Rita mabegani na tamthilia inaisha. Hivyo ndivyo ningeonekana na watu wote, nimelala chini, mdomo umejaa nyasi, nimefungwa na Cate.

Na shida ni kwamba nilikuwa nimeshampigia mama simu. Mama yangu Pamela anauza samaki wa kukaanga huko kwetu Rusinga, na ukimwambia jambo asubuhi, kufikia adhuhuri Mbita nzima inalo. Alikuwa ametangaza kanisani kwamba mtoto wake anaingia kwenye televisheni. Nilipompigia tena, nikiwa nimejiandaa kumweleza vizuri, aliniuliza swali moja tu.

"Lakini uko golini?"

"Niko golini, mama."

Sikumwambia golini kwa nani.

Kazi ikaanza. Sasa, Cate angeringa mimi ningepumua. Angenitazama kwa jicho la juu ningepata cha kumsema. Lakini wapi. Anapakwa poda na Sainab, yule dada wa mapambo, anashikiwa mwavuli jua lisimguse, halafu anaukimbia mwavuli anakuja kukaa nami chini, "Phele, umekula? Nimekuwekea chapati." Chapati ya waigizaji wakubwa, imefungwa kwenye karatasi. Nilikuwa naila, ndiyo. Tamthilia haijaonyeshwa hata siku moja, na tayari mjini Migori wameanza kumwita Rita. Mama wa mandazi pale getini alimpa mandazi ya bure. Mimi ambaye nilidaka mipira mpaka tukachukua kombe, siku hiyo hiyo nilirudishiwa sarafu eti imechakaa.

Fainali tulienda kuipiga picha Homa Bay, kwenye uwanja mkubwa, na mashabiki wetu wakaja. Dahir aliwaalika mwenyewe. Alitaka watu halisi wa kushangilia, na hapo ndipo alipojikwaa, kwa sababu watu wa kwetu huwezi kuwawekea mpira mbele yao ukawaambia wajifanye. Kiongozi wao alikuwa Gordon, mwenye bodaboda, mtu wa tumbo na filimbi, ambaye hajakosa mechi yangu hata moja. Walipangwa upande mmoja na ngoma zao, wakaambiwa: mpira ukiingia, mshangilieni Rita. Wakaitikia vizuri sana.

Nakuapia nilikuwa nimekubali. Nilisimama pale katikati ya milingoti nikajiambia, Phelesia, anguka tu, mambo yaishe. Cate akaja akaweka mpira. Akanisogelea, akaninong'oneza, kwa upendo kabisa, "Usijali, napiga polepole kulia kwako. Wewe ruka kushoto."

Ananielekeza mimi. Cate. Ananifundisha mimi pa kurukia.

Sijui mwili wangu ulifanya nini. Ninachojua ni kwamba niliruka kulia na mpira nikaushika, tena nikaukumbatia. Na mashabiki wakasahau kila walichoambiwa. Ngoma zikalia, akina mama wakaingia uwanjani wakikimbia, na Gordon akapanda juu ya kiti akainua mkono muziki usimame. Ilikuwa pakruok. Kwetu furaha ikizidi, mtu anasimamisha muziki ajisifu na awasifu watu wake, na mpaka amalize hakuna wa kumkatiza. "Mimi Gordon," akasema, "mume wa wanawake wazuri, mla samaki mbuta kuanzia kichwani, nasema yule binti ni wa Rusinga. Huyo hata maji hayampiti." Dahir alikuwa anapaza sauti, "Kata, kata," lakini atamkataje mtu aliye katikati ya pakruok? Kamera ilisubiri mpaka Gordon akamaliza majina yake yote.

Tukarudia. Nikadaka. Tukarudia tena. Nikautoa kwa ngumi. Wakati huo nilikuwa sikumbuki skripti wala sikumbuki chuo, nilikuwa naona tu ile poda ya Cate na ule mwavuli wake. Kila nikidaka ngoma zinalia, na Gordon anapanda kiti na jina jipya.

Dahir alikuja mpaka golini, kofia mkononi. Nilikuwa sijawahi kuuona upara wake. "Dada yangu," akasema, "huu ni uongo tu. Tunaigiza. Mwachie apate, sote twende nyumbani."

"Mwambie apige vizuri," nikamjibu.

"Hajui kupiga vizuri."

"Basi."

Akavaa kofia, akarudi kwenye viti vyao. Jua lilikuwa linashuka na mwenye uwanja alishakuja kuuliza mara mbili tunaondoka lini. Dahir akasema hii ni ya mwisho. Cate akapiga, safari hii kwa nguvu zake zote, maskini, na mpira ukaja moja kwa moja mikononi mwangu kama mtu ameutuma. Hapo Cate akakaa chini palepale pa penalti. Akalia. Hakuwa Rita aliyelia, alikuwa ni Cate, mabega yanatikisika na kamasi zinamtoka. Gordon alikuwa ameshaweka mguu mmoja kwenye kiti. Akaushusha.

Dahir hakusema kata. Aliinua kidole tu, na kamera ikamsogelea Cate polepole mpaka karibu kabisa. Mimi nilibaki na mpira, hakuna anayeniangalia. Baadaye Dahir akasema tumemaliza, na alikuwa anatabasamu, lakini mimi sikuuliza anatabasamia nini. Njia yote ya kurudi Migori niliimba. Nilijiambia amekosa, na watu wote watamwona amekosa, na watauona mkono uliomzuia.

Siku ya kipindi cha mwisho nilienda Rusinga. Mama alikuwa ameazima viti kwa majirani, amevaa gauni la kanisani, sebule imejaa mpaka mlangoni. Nilikalishwa mbele kama bibi harusi. Kipindi kikaanza, fainali ikaingia, na mama akasogea karibu na skrini akitafuta golini kwa timu ya buluu.

"Mbona golini kwenu amesimama mtu mwingine?" akaniuliza.

"Ngoja, mama."

Ikafika penalti. Walikuwa wameipiga picha kutoka nyuma yangu. Unaona mgongo mwekundu na kofia, unaona glovu mbili kubwa kama karai, na mbele kabisa, mdogo, Rita. Hakuna ngoma. Hakuna Gordon, walimnyamazisha kabisa, hata filimbi hawakuiacha. Mpira unakuja, zile glovu zinaukamata, na hapo ndipo uso wa Cate unapojaa kwenye televisheni nzima na kubaki. Ukabaki. Unaona chozi likijikusanya, unaliona likishuka, unaona mdomo ukijaribu kujizuia na kushindwa. Hakukuwa na sauti yoyote isipokuwa kinanda kidogo kinacholia mbali. Ningemwachia afunge, angebebwa mabegani kidogo na watu wangeenda kulala. Nilimpa mimi kile kilio. Nilimpa kwa mikono yangu.

"Wololo," mama akasema. "Wololo, nyathina." Yaani mtoto wangu, anamwita hivyo mtoto wa mwingine. Nikageuka. Mama analia. Jirani yetu, mzee ambaye hata alipozika ng'ombe wake wote hakutoa chozi, anapangusa uso na kofia.

Halafu mama akasimama, akaomba sauti ipunguzwe, akainua mkono. Nilijua kinachokuja na sikuwa na pa kukimbilia. "Mimi Pamela," akasema, "Pamela wa samaki watamu, leo mniite min Rita, mama yake Rita. Huyu binti nimemzaa leo. Na yule kipa mwenye roho ngumu hivyo, asikanyage mlango wangu, asile samaki wangu." Watu wakapiga makofi. Akaketi, akanigeukia, akafuta macho na ncha ya leso. "Phele, yule kipa ni wa wapi? Mama yake ni nani, mtu anayeweza kuzaa kitu kama kile?"

Glovu nilikuwa sijavaa, lakini mikono yangu niliiweka chini ya mapaja nikaikalia.

Simu yangu ikalia mezani. Jina la Cate, ambaye mama alijua ndiye Rita, likatokea, na mama ambaye hasomi bila miwani akalisoma. Akainyakua akaiweka sauti ya nje.

"Cate, mwanangu, pole," akasema. "Pole sana. Tumelia hapa sote. Sasa niambie, wewe ulikuwepo. Yule aliyekuzuia ni nani?"

Nilisikia upande wa pili watu wanacheka na sahani zinagongana, pengine kwao Lambwe nao wamejaza nyumba. Nikasubiri. Alikuwa na haki yake. Alikuwa na mwaka mzima wa kubeba mipira, na sasa alikuwa na mama yangu mkononi na jina langu mdomoni.

"Huyo alitoka chuo kingine, mama," Cate akasema. "Hata jina lake silijui. Phele alikuwa upande wetu, ni vile tu walikata sehemu zake. Walikosea kabisa kumkata. Yeye ndiye anayecheza kutushinda sote."

"Uliona?" mama akaniambia, na huruma yote ikahamia kwangu. "Walikukata, mama." Akaenda jikoni akarudi na samaki mkubwa kuliko wote, akaniwekea mbele, akanishika shavu.

Nikala samaki yule yule niliyekatazwa, maana hakuna aliyejua kwamba kipa ni mimi. Sauti ya Cate haikutetemeka hata kidogo, wala hakusita mahali. Ungemsikia ungemwamini, hata mimi ambaye najua, kidogo nimwamini. Na Mungu anisamehe, hata huo uongo niliuonea wivu.