Waliosimamishwa

Ijumaa asubuhi Yoendri Peguero alikuwa amekaa kwenye kiti cha saluni ya mama yake mdogo, taulo shingoni, nusu ya kichwa imeshanyolewa na nusu bado, redio ilipotangaza kwamba amesimamishwa kucheza besiboli msimu mzima. Akasimama.

Mama yake mdogo, Fiordaliza Montás, alizima mashine ya kunyolea ili asikie vizuri. Mtangazaji alisema mkojo wa mpigaji huyo tegemeo wa timu ya Kenge wa Barahona umekutwa na dawa ya kuongeza nguvu iliyopigwa marufuku. Kisha likaja tangazo la rangi za nyumba.

"Kaa nikumalizie," Fiordaliza alisema.

"Siwezi, mamdogo."

"Huwezi nini?"

"Kukaa."

Alijaribu. Alishika mikono ya kiti, akajishusha taratibu kama mzee mwenye kiuno kibovu, lakini kila makalio yalipokaribia kiti miguu ilijinyoosha yenyewe, akawa wima tena. Walijaribu kigoda, ndoo iliyopinduliwa, hata sakafu. Ikawa vilevile. Fiordaliza akakivuta kile kigoda, akapanda juu yake na kumalizia upande wa kushoto. Mteja mmoja aliyekuwa na rola kichwani alishauri nywele za juu ziachwe ndefu kidogo, kwa kuwa kuanzia sasa kijana ataonekana kutoka mbali.

Fiordaliza alikuwa amemlea Yoendri tangu dada yake alipofariki, na alikuwa Kenge, shabiki wa timu hiyo, tangu akiwa binti. Kenge hawakuwahi kutwaa ubingwa hata mara moja. Watu wa mji mkuu waliwaita mijusi wa jangwani, na wao wakaitikia kwa kujichora magamba mashavuni. Zamani Fiordaliza aliwahi kuachana na mchumba mwenye maisha mazuri tu, kwa sababu alipiga makofi timu ya mji mkuu ilipopata pointi. Yule bwana aliapa kwamba alikuwa anaua mbu.

Siku hiyo walimfunga Yoendri kwa shuka kwenye nguzo ya baraza, asije akaanguka akipitiwa na usingizi. Alilala vizuri. Majirani waliopita walimsalimia kwa sauti ya chini.

Jumapili Kenge walicheza mchezo wa kwanza wa fainali kule mji mkuu bila yeye. Mtaa mzima ulisikiliza redioni nje ya duka la Leocadio, kwenye viti vya plastiki, bia kwenye mifuko ya karatasi. Mzunguko wa tisa, ambao ndio wa mwisho, ulifika wakiwa nyuma kwa pointi moja, vituo vyote vitatu vina watu, na aliyekwenda kupiga mahali pa Yoendri alikuwa mvulana mmoja kutoka Azua. Gongo lilipita hewani bila kugusa mpira. Likapita tena. La tatu hakulirusha kabisa; aliutazama mpira ukipita kama mtu anayetazama basi lisilo lake.

Leocadio alizima redio.

"Tumefungwa kwa tamaa ya mtu mmoja," alisema Milcíades, fundi wa friji, ambaye sauti yake ilikuwa kubwa hata akinong'ona.

"Juzijuzi hapa ulimbusu paji la uso," Leocadio akamwambia.

"Nilimbusu sijui kama amejaa dawa! Ningejua ningekwenda kupimwa na mimi."

"Wewe wakikupima watakuta bia na uongo."

Watu walicheka, lakini kicheko cha msibani. Mwalimu mstaafu aliyekaa karibu na mlango akasema sheria ni sheria. Mwingine akasema hao wa mji mkuu nao wanakula hizohizo, ila wao wana daktari mzuri. Milcíades alivua shati lake lenye jina la Peguero mgongoni, akafutia nalo meza ya domino.

Fiordaliza alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya mafuta ya kupikia mkononi.

"Milcíades," alisema, "alipotupeleka fainali alikuwa wa kwetu sote. Leo amekuwa wangu peke yangu?"

"Mama Fio, si nakuheshimu? Lakini mwanao alidanganya."

"Sijasema hakudanganya. Nimekuuliza kitu kingine."

Milcíades alichanganya domino kwa kelele.

Kesho yake asubuhi, Yoendri alikuwa anakula ndizi zake za kuponda akiwa wima, sahani juu ya friji. Fiordaliza akamuuliza.

"Dawa hizo ulikula mwenyewe?"

"Sikula. Nilichomwa."

"Na nani?"

"Don Radhamés. Tangu nikiwa kambini."

Don Radhamés Cuello alikuwa na kambi nje ya mji, ambako wavulana walilala, walikula na kufundishwa besiboli mpaka klabu za ng'ambo zije kuwachukua, naye apate fungu lake. Alikuwa pia makamu mwenyekiti wa Kenge.

"Alituambia ni vitamini," Yoendri alisema. "Tulipanga foleni baada ya chai. Anayekataa anarudishwa kwao. Nani angekubali kurudi nyumbani mikono mitupu?"

"Ndiyo, ulikuwa mtoto. Na mwaka huu je?"

Yoendri aliuzungusha uma kwenye sahani. "Bega lilikuwa linaniua, mamdogo. Akasema ni ileile ya zamani. Sikuuliza ni nini. Nilitaka kucheza."

"Hapo umekosa wewe."

"Najua."

"Basi hilo lako tutalibeba. Lisilo letu nakwenda kumrudishia mwenyewe."

Alivaa gauni la kanisani. Don Radhamés alimpokea kwenye veranda yake, akiwa amekaa kwenye kiti cha kubembea, na hakuinuka. Alikuwa mtu mpole, mwenye mikono laini, anayekumbuka majina ya watoto wa kila mtu.

"Fiordaliza, mama yangu. Poleni sana. Kijana anaendeleaje?"

"Amesimama."

"Ndivyo inavyokuwa. Ni adhabu."

"Sindano ulimchoma wewe, Don Radhamés. Kasema."

Kiti kilibembea mbele, kikarudi nyuma. "Kila mchezaji anawajibika kwa kilichomo mwilini mwake. Hiyo ndiyo kanuni, sikuitunga mimi. Mimi nawasaidia hawa watoto. Pale kambini wapo thelathini ambao wangekuwa mashambani wanakata miwa." Akaingiza mkono mfukoni na kumpa tiketi ya mchezo wa Jumatano, uliokuwa wa nyumbani. "Jukwaa kuu. Kuna kivuli."

Fiordaliza aliichukua. Alikuwa Kenge, na tiketi za fainali zilikuwa zimekwisha.

Jumatano mchana alikwenda uwanjani na Yoendri, ambaye alikuwa amepata tiketi yake kwa rafiki. Chama cha besiboli kilikuwa kimemkataza kiwanja cha kuchezea na chumba cha kubadilishia nguo, lakini kuhusu jukwaa hakikusema kitu. Waliingia katikati ya safu, Yoendri akasimama mbele ya kiti chake, na papo hapo watu wa nyuma wakaanza.

"Wewe ghorofa! Kaa chini!"

"Hatuoni, bwana! Ulitunyima kombe, unatunyima na kuliona?"

Ganda la chungwa likampiga kisogoni. Fiordaliza alikuwa ameshakaa, pochi iko magotini. Akaiweka chini, akasimama kando ya mwanawe, akageuka nyuma.

"Haya, rusheni na kwangu," alisema. "Miguu ninayo."

Hawakurusha. Kabla ya mchezo kuanza kipaza sauti kilisoma tangazo la chama. Kilisema mchezaji Yoendri Peguero amesimamishwa kwa kutumia dawa iliyopigwa marufuku, na kwamba atasimamishwa vilevile yeyote mwenye dawa hiyo mwilini.

Wavulana wa kambini walikuwa wamekaa safu ya chini, sare nyeupe, wamealikwa na Don Radhamés. Wa kwanza kusimama alikuwa anatafuna karanga, aliendelea kutafuna. Akasimama wa pili, na wa tatu, hadi safu yote ikawa wima. Kwenye benchi la Kenge wakasimama mdakaji, warushaji wawili, na yule mvulana wa Azua. Kwenye benchi la wageni wakasimama kadhaa, maana Don Radhamés aliuza wachezaji kila mahali. Kwenye jukwaa la jua akasimama mwashi mmoja mwenye mvi, dereva wa lori la barafu, na polisi aliyekuwa analinda lango naye akashindwa kurudi kwenye kiti chake.

Milcíades alisimama na bia mkononi. Alijaribu kukaa, akasimama tena. Alijaribu kukaa haraka, kwa kushtukiza. Akamwagikiwa na bia.

"Nilikaa pale kambini msimu mmoja tu wa mvua," aliwaambia waliokuwa karibu naye. "Nilikuwa na miaka kumi na saba. Sikufika popote, mnajua wenyewe." Kisha akasema, kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, "Alisema ni vitamini."

Uwanja mzima ukamtazama Don Radhamés. Alikuwa kwenye kiti chake cha mbele, chenye mto, mguu mmoja juu ya mwingine. Alikuwa amekaa vizuri kabisa. Mwamuzi aliangalia saa na kuamuru mchezo uanze.

Kenge walifungwa fainali hiyo. Chama kilikutana na kutoa tamko kwamba kusimama si ushahidi, kwa kuwa mtu anaweza kusimama kwa sababu nyingi. Fiordaliza alikwenda mji mkuu na saini za waliosimama. Akaambiwa asubiri, akaonyeshwa kiti, akasema atasubiri wima. Alisubiri mpaka ofisi ikafungwa. Alirudi tena wiki iliyofuata, na nyingine.

Barahona waliendelea kuishi. Leocadio aliinua meza ya domino kwa matofali. Mkewe Milcíades alimshonea mkanda wa kujifungia ukutani wakati wa kulala, na yeye akaanza kufika saluni jioni, akiegemea mlango karibu na Yoendri, wakibishana kama mrushaji wa mkono wa kushoto ana faida au hana. Hakuomba radhi kwa maneno. Alitengeneza friji ya Fiordaliza, na alipoulizwa bei akajifanya hasikii. Kule kambini Don Radhamés aliondoa mabenchi, akanunua meza ndefu za kulia wima, akapokea wavulana wapya. Foleni ya baada ya chai iliendelea.

Msimu mpya ulifunguliwa Jumamosi saa tisa alasiri. Kabla ya mpira wa kwanza kurushwa, Don Radhamés aliitwa katikati ya uwanja kupewa nishani ya mlezi bora wa vipaji. Kipaza sauti kikawaomba wote wasimame kwa heshima yake.

Jukwaa likasimama. Katikati yake walikuwemo wale ambao tayari walikuwa wima, na ambao wasingeweza kukaa hata wangekatwa miguu. Waliona jinsi wanavyoonekana kutoka chini: kama watu wanaomheshimu. Yoendri akang'ata mdomo.

"Mamdogo, tufanyeje?"

"Geukeni," Fiordaliza alisema.

Yoendri akageuka, akampa Don Radhamés mgongo. Milcíades akageuka, kisha mwashi, kisha dereva wa barafu. Chini kabisa wavulana wa kambini walitazamana; wawili wakageuka, wengine wakabaki kama walivyo, maana usiku wangerudi kulala kwake.

Na Fiordaliza, ambaye tangu ile fainali hakuwahi kukaa uwanjani hata mara moja, akakaa. Alikaa katikati ya msitu wa miguu, akafungua mfuko wake, akatoa nyama ya nguruwe iliyokaangwa na vipande vya ndizi, akaanza kula. Ngozi ya nguruwe ilikuwa imekaukia vizuri na ililia sana mdomoni. Bibi aliyekuwa kando yake alimtazama, akatazama uwanjani, akakaa naye. Fiordaliza akamsogezea mfuko.

Don Radhamés alipunga kofia pande zote. Gazeti la kesho yake liliandika kwamba uwanja mzima ulisimama kwa ajili yake, na picha ilipigwa kwa mbali mno kuonyesha nani ameelekea wapi.

Nishani ilipokwisha kuvalishwa, wachezaji wakaingia. Fiordaliza alifuta mikono, akasimama, akaweka viganja mdomoni na kupaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Kenge! Twendeni, Kenge!"

Walifungwa pointi saba kwa moja.