Muulize Jina Lako

Mama mwenzangu, kama kuna mtu hapo kwenu anachora vitabu vya watoto na amekuja kukuomba umpe mtoto wako amchore, ngoja kwanza. Nikwambie yaliyonipata hapa Malaba.

Mchoraji wetu anaitwa Roselyn. Tumepanga ploti moja, mlango wake unatazama wangu. Hadithi anaandika yeye na picha anachora yeye, halafu kuna ofisi huko Kisumu inachapisha na kupeleka vitabu kwa nasari. Watu wanadhani ni kazi ya kukaa. Mimi nimemwona. Anachora mtoto ukurasa mzima, anapaka rangi, anapanda gari mpaka Busia kwa saiba ya intaneti, anatuma. Ofisi inamrudishia: mtoto avae viatu. Anachora viatu. Inarudi tena: viatu visiwe vipya sana. Jioni namkuta kwa mlango, mkono umemkauka kama wa mtu ametoka kupalilia, hata sufuria hajainjika.

Siku moja akaniambia, "Mama Quinter, wamekataa uso tena. Wanasema huyu mtoto wangu hana uhai. Nipatie Quinter nimwangalie."

"Mwangalie tu," nikasema. "Lakini huyo hakai."

Quinter yuko na miaka sita, na kweli hakai. Roselyn alimchora akiruka kamba, akikuna mguu, akilamba mwiko. Picha zilipotoka niliogopa kidogo. Nywele zilikuwa zile nilizomsuka kwa mikono yangu. Pengo la meno lilikuwa lake. Sweta ni ya kijani ya shule yao, na kiwiko kimetoboka vile kimetoboka. Nyuma yake ni geti letu la bluu, lile liligongwa na trela likabonyea. Ofisi ilifurahi. Ikasema sasa hii ndiyo Malaba yenyewe, hata jina la mtoto liachwe hilo hilo. Mimi pia nilifurahi. Ni nani kwetu alikuwa ameona mtoto wake kwa kitabu?

Na hadithi yenyewe ilikuwa ya kusaidia watoto. Hapa ni mpakani. Mtu analala leo, kesho yuko Kampala, kesho kutwa yuko Mombasa, humjui na hutamjua. Kwa hivyo ndani ya kitabu mwanaume wa kofia anamkuta Quinter njiani, anamwambia, mama yako amenituma nikuchukue. Quinter anamuuliza, "Kama mama amekutuma, jina langu ni nani?" Mwanaume anakwama, mtoto anakimbia nyumbani. Mwisho kuna maandishi makubwa: MUULIZE JINA LAKO. Watoto wa nasari walikariri hayo maneno wakawa wanayaimba.

Kitabu kikaenda Adungosi, kikaenda Bumala, kikavuka hata ng'ambo, Uganda. Kwa jalada ni uso wa mtoto wangu, na juu yake herufi nyekundu: Quinter Haendi.

Tukitoka na yeye, watu wa bodaboda wanaanza. "Quinter haendi. Haya, na leo tukikubeba bure na mama yako, bado hauendi?" Mama mmoja wa kubadilisha pesa anamuuliza, "Leo umemkimbia nani?" Dereva wa trela, mgeni kabisa, anakula chapati kwa kibanda changu na kumwambia, "Si wewe ni yule wa kitabu. Msichana wangu hawezi lala bila wewe." Mtoto akazoea. Zamani alikuwa wa kujificha nyuma ya leso yangu, sasa anapungia watu mkono kama mheshimiwa. Mimi nilianza kukosa usingizi. Lakini sikujua naogopa nini, na mtu ataambiaje wengine kitu yeye mwenyewe hakijui?

Siku ile foleni ya trela ilikuwa imefika mbali, madereva wana njaa, nikachelewa kumchukua shule. Nilikuta uwanja mtupu na mwalimu wake anafagia darasa.

"Quinter ameenda na shangazi yake," akasema.

"Shangazi gani, mwalimu?"

"Mama wa gomesi. Anamjua mtoto, Mama Quinter. Amemwita jina kutoka huko nje, na Quinter mwenyewe ndiye amempa mkono."

Mume wangu ana dada mmoja tu. Ameolewa huko ziwani, Sio Port, anaanika omena, na gomesi, lile vazi la kina mama wa Uganda, hajawahi kuvaa.

Sikulia. Nilimwita Ongodia, mtu wa boda anayepaki karibu na shule, tukapita kando ya yale matrela, yeye anauliza watu, mimi nainama naangalia chini ya magari. Kila mtu alikuwa na jibu. "Quinter wa kitabu? Amepita hapa na mama yake." Wengine walinyoosha hata kidole kutuonyesha. Wote walikuwa wamemwona na hakuna aliyeshtuka, kwa sababu wote walikuwa wanamjua.

Tulimpata kwa njia ya panya, ile inashuka mtoni. Amekaa juu ya gunia anakunywa soda. Mwanamke alikuwa amesimama kando anaongea na simu.

Ongodia akapaza sauti, akamwita vile wanaita mama huko Uganda. "Nyabo, huyo mtoto ni wa nani?"

Hakukimbia. Aliweka simu kwa kikapu, akashuka mpaka kwa maji, akavuka polepole kama mtu anaenda soko lake la kila siku. Alikuwa nani, alitaka nini, mpaka leo sijui. Polisi waliponiuliza niliwaambia gomesi ya manjano. Huko ng'ambo gomesi za manjano ni nyingi kama majani ya ndizi.

Nilimshika Quinter mabega. "Si nilikwambia usiende na mtu?"

"Nilimuuliza, mama." Alikuwa ananishangaa, kama mimi ndiye nimekosea. "Nilimuuliza jina langu ni nani. Akajua. Akajua hata geti yetu imebonyea."

Nilimkuta Roselyn anachora kitabu kingine, cha kuku. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Aliweka brashi kwa kikombe cha maji, akakaa anatazama maji yakigeuka rangi.

"Mimi nilitaka watoto wapone," akasema.

"Najua."

"Yule mwanaume wa kofia nilimtoa tu kwa kichwa. Quinter ndiye nilimtoa hapa nje."

"Najua, dada. Sasa mtoe kwa kitabu."

Vitabu vilivyokuwa vimetoka, ofisi ilisema haviwezi kukusanywa. Ila walikubali kwamba vya kuchapishwa tena vibadilishwe, kama Roselyn atachora upya kila ukurasa. Akaanza. Geti likawa ua wa miti, sweta ikawa nyekundu, jina akalifuta. Akafika kwa lile swali, akavuka kwangu na karatasi.

"Tuandike aulize nini sasa?"

"Asiulize kitu," nikamwambia. "Andika asubuhi mama amemwambia ni nani atamchukua. Akija mwingine, hata kama ni askofu, arudi ndani kwa mwalimu."

Aliandika hivyo, askofu akamwacha nje.

Uso ndio ulimtesa. Akichora haraka, macho ya Quinter yanarudi yenyewe. Akiyalazimisha, mtoto anakuwa kama kinyago. Nilikuwa nasikia karatasi zikikunjwa huko kwake mpaka namhurumia, lakini sikwenda kumwambia awache. Mtoto wangu nilikuwa nimemnyoa kipara, na nimemfundisha mtu akimwita njiani asigeuke. Alikuwa amenikasirikia, anatembea ameinamisha kichwa.

Asubuhi moja Roselyn akaja na ukurasa umekauka, macho yake mekundu. Quinter akauchukua, akautazama kwa muda.

"Huyu ni nani?"

"Mtoto tu," Roselyn akasema.

"Wa nani?"

"Hana wenyewe. Nimemtunga."

Quinter akarudisha karatasi. "Na akipotea, atatafutwa na nani?"

Roselyn akaniangalia mimi. Nje matrela yalikuwa yameanza kupanga foleni na chai yangu ilikuwa bado. Nilimwambia Quinter alete viatu nimvalishe.

"Nitume ofisini?" Roselyn akaniuliza.

Nilifunga kamba za kiatu kimoja, nikafunga na cha pili.

"Tuma," nikasema.