Vidole vya Akina Mama

Ngai, kuna watu watakumaliza kwa kukupenda! Warigia alikuwa na kitalu cha miche ya avokado huko Murera, kwenye shamba la kukodi. Mvua ikiisha kabla hajauza na kulipa kodi, basi kitalu hana tena. Akauza mbuzi wake, akaweka tangazo mtandaoni, lile ambalo mwenye tangazo hukatwa pesa kila linapobonyezwa, mtu anunue asinunue.

Kwa furaha akalituma kwenye grupu ya familia. Mamake, Magdalene, anayekaa Thika na simu aliyoizoea juzi tu, akaona hii ni harambee kama nyingine: asiye na pesa achange kidole. Akawakusanya akina mama wa kanisa. Kila asubuhi baada ya maombi wanabonyeza, wanatoka, wanabonyeza tena. Kabla chai haijaiva, pesa ya siku nzima imeliwa, tangazo limepotea. Wateja wangeliona wapi? Warigia akaongeza pesa. Nayo ikaliwa.

Mwishowe akaunti ikafungwa, eti mibonyezo ni ya ulaghai. Warigia akaapa kwamba ni washindani wake wamemfanyia hivyo. Akaenda Ruiru kwa binamu yake Karanja, mtu wa kompyuta, amtafutie mwizi. Karanja akaangalia mibonyezo ilitoka wapi na saa ngapi.

"Hakuna mwizi, Warigia. Ni simu za Thika, saa ya maombi ya mamako."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawakutuambia ufanyeje kikiwa ni mama yako.

Alifika Thika na hasira imemjaa, maneno ameshayapanga. Akamkuta mamake amejifunga kitambaa kidoleni. Kimevimba, mama akasema, lakini hajaacha kubonyeza. Shida ni kwamba siku hizi tangazo halifunguki.

Warigia akakitazama kile kidole, akayaacha maneno yake yote. "Niliuza yote, maitu," akamwambia mamake.

Mama akapiga magoti akamshukuru Mungu, akawaombea na wenzake baraka. Kisha akauliza, kwa aibu kidogo, "Na mimi hukuniwekea hata mche mmoja?"

Kule Murera miche ilikuwa imejaa, inakauka, na mwenye shamba ameshapata mpangaji mwingine.

"Nitakuletea msimu ujao," Warigia akasema.

Mama akachukua jembe, akatoka kwenda kuchimba shimo mapema kando ya mlango.